Kabla Fundi Hajashika Bisibisi

"Waranti imeisha, bosi." Maneno hayo hufunga mazungumzo katika maduka mengi ya kompyuta jijini Nairobi, kuanzia Luthuli hadi Moi Avenue. Mteja hufunika laptopu yake, hupanda matatu kurudi Baba Dogo, na jua halijatua mashine iko mezani kwa fundi karibu na steji, tumbo wazi, skrubu zimewekwa ndani ya kifuniko cha chupa zisipotee. Kama alikuwa na dai lolote dhidi ya aliyemuuzia, hapo ndipo analipoteza, na linalompotezea ni kwamba mashine imefunguliwa kabla ya mtu yeyote kuandika ilikuwa inaugua nini.

Kadi ya waranti ni ahadi ya hiari: kampuni au duka linasema litakutengenezea bure kwa mwaka mmoja, kwa masharti haya na haya. Sheria ya Kenya haikungoja ahadi hiyo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, iliyochotwa kutoka sheria ya Uingereza ya 1893, inasema katika kifungu cha 16 kwamba mfanyabiashara anayeuza bidhaa za aina fulani huhesabiwa kuwa ameahidi kwamba zina ubora unaostahili kuuzwa, hata kama hakutamka neno lolote. Tena ukimweleza unaitakia kazi gani na ukategemea ujuzi wake, huhesabiwa kuwa ameahidi kwamba itaiweza kazi hiyo. Katiba ya 2010 ikaongeza uzito: kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, haki ya kupewa habari anazohitaji kuhusu anachonunua, na haki ya fidia akipata hasara kutokana na kasoro. Kisha ikaja Sheria ya Kuwalinda Watumiaji wa Bidhaa, nambari 46 ya 2012, iliyoanza kutumika Machi 2013.

Sheria hii ya mwisho ina kipengele ambacho kila mkazi wa Eastlands angefaa kukijua kwa moyo, kwa sababu kinajibu yale maandishi ya chini ya risiti: bidhaa zikishauzwa hazirudishwi. Maduka mengine huyabandika ukutani kwa herufi nyekundu, nyuma ya mwenye duka, yakuangalie unapohesabu pesa. Kifungu cha 5 kinasema sharti lolote linalojaribu kufuta ahadi zile za kisheria ni batili, liwe limeandikwa kwenye mkataba au popote pengine. Kwa hiyo bango lile lina nguvu mahali pamoja tu. Ukibadili nia, ukaona ungependa ya rangi nyingine au kioo kikubwa zaidi, duka halina wajibu wa kukupokea. Lakini kama kitu kiliuzwa kikiwa na kasoro, bango halimwokoi muuzaji, na wala tarehe ya waranti haimwokoi.

Hapo wengi wanaoandika kuhusu haki za wanunuzi husimama, na msomaji akaenda dukani kifua mbele, akarudi amenywea. Ukweli ni kwamba laptopu nyingi zinazokufa baada ya waranti hazina kesi. Betri iliyochoka baada ya miaka mitatu imefanya kazi yake. Kibodi iliyomwagiwa chai ni hasara ya aliyeimwaga. Kioo kilichopasuka ndani ya begi, kwenye matatu iliyojaa kwenye Barabara ya Outer Ring, si kasoro ya kiwandani. Sheria inauliza swali moja: je, udhaifu ulioiua mashine ulikuwa ndani yake siku uliyoipokea, hata kama ulijitokeza baadaye? Na mwenye kuthibitisha ni wewe. Uingereza, chini ya sheria yao ya 2015, kasoro ikijitokeza ndani ya miezi 6 ya kwanza huchukuliwa kuwa ilikuwepo tangu mwanzo, na muuzaji ndiye mwenye kazi ya kuonyesha vinginevyo. Nchi za Umoja wa Ulaya huwapa wanunuzi wa bidhaa mpya ulinzi wa angalau miaka 2. Kenya haina hesabu kama hizo. Mzigo wa ushahidi ni wako tangu siku ya kwanza.

Kuna watu wamesikia habari ya miaka 6 na kuielewa vibaya. Sheria ya Muda wa Kufungua Kesi, Sura ya 22, inakupa miaka 6 ya kushtaki kwa kuvunjwa kwa mkataba. Huo ni muda wa mlango wa mahakama kubaki wazi. Hakuna mahali inaposema laptopu lazima iishi miaka 6.

Basi nani ana kesi? Chukua aliyenunua laptopu mpya dukani kwa shilingi 75,000, akaitunza, haikuanguka wala kulowa, na mwezi wa 14 bodi ikafa. Huyo ana hoja nzuri, kwa kuwa hakuna mtu mwenye akili timamu anayelipa pesa hizo akitarajia miezi 14. Mweke kando ya aliyenunua ex-UK, yaani iliyokwisha kutumika Uingereza, ya shilingi 18,000, akapewa waranti ya miezi 3, nayo ikazima mwezi wa 14. Ukinunua koti la mitumba Gikomba hutarajii zipu idumu kama ya koti jipya, na mahakama nayo haitatarajia. Bei, umri na jinsi bidhaa ilivyoelezwa huingia kwenye mizani. Katikati yao yuko wa tatu, na kwa maoni yangu ndiye anayedhulumiwa zaidi: amenunua ex-UK kwa shilingi 45,000, akaambiwa ni safi kabisa, haijawahi kufunguliwa, betri nzima, waranti ya mwezi mmoja. Wiki ya sita inazima, na fundi anakuta bodi iliyowahi kuchomelewa upya. Huyu hahitaji hata kubishana kuhusu ubora. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa kinataka kitu kilingane na maelezo yake, na maelezo yalikuwa uongo.

Ndiyo maana maelezo ya muuzaji yafaa yawe kwenye maandishi kabla ya pesa kutoka. Mtumie ujumbe wa WhatsApp unapoulizia: nataka laptopu ya kuandikia na kuhariri video, niifanyie kazi saa nane kwa siku, hii itaweza? Akijibu "hii iko sawa kabisa", amekupa ushahidi wa aina mbili, wa maelezo na wa kazi uliyoitakia mashine. Vijana wengi wa mitaa hii wanaishi kwa kazi za mtandaoni, na laptopu ndiyo jembe lao. Ujumbe kama huo hauwagharimu kitu.

Sasa turudi kwenye siku mashine inapozima. Usiifungue, na usimpe mtu aifungue "aangalie tu". Kama bado inawaka kwa kubahatisha, irekodi kwa simu ikifanya kioja chake, nambari ya mashine iliyo chini ya tumbo ionekane kwenye video hiyo hiyo. Piga picha pande zote ili baadaye mtu asiseme kona ilikuwa imebonyea. Tafuta risiti. Kama risiti ya karatasi imefutika, na zile za karatasi ya joto hufutika kweli, nenda kwenye M-Pesa: taarifa ya miamala unaweza kuiagiza kupitia *334#. Ujumbe wa malipo unaonyesha kiasi, tarehe, saa, na jina la biashara lililosajiliwa kwenye till. Jina hilo ni dhahabu, kwa sababu mara nyingi halifanani na lililoandikwa juu ya mlango wa duka, na utalihitaji ukiamua kushtaki. Kwa manunuzi yajayo, dai risiti ya eTIMS, ile ya kodi ya KRA. Muuzaji anayekataa kuitoa amekuambia jambo kuhusu yeye mwenyewe.

Betri ikiwa ndiyo inayolalamikiwa, Windows yenyewe inaweza kutoa ushahidi. Fungua dirisha la amri uandike powercfg /batteryreport, nayo itakutengenezea faili yenye uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo iliyobaki nao leo. Mashine inayouzwa kuwa na betri nzima huku ripoti ikionyesha robo tatu ya uwezo imekwenda ni mashine iliyoelezwa kwa uongo. Uzuri wa ripoti hii ni kwamba unaweza kuifanya ukiwa umesimama dukani kabla ya kulipa. Tena uifanye kweli, kwa sababu sheria ile ile ya Sura ya 31 ina mtego: ukikagua bidhaa kabla ya kununua, huwezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Ukiona bawaba imelegea ukanunua hivyo hivyo, umeikubali na ulegevu wake.

Baada ya hapo unahitaji karatasi ya mtaalamu. "Bodi imekufa" haitoshi, hata ikisemwa na fundi bora kuliko wote Baba Dogo. Ripoti iwe na tarehe, aina ya mashine na nambari yake, alichopima, alichokuta, kama kuna dalili za maji au za kufunguliwa zamani, kwa maoni yake nini kimesababisha, na gharama ya kutengeneza. Hao mafundi wetu wana mikono mizuri ajabu. Wapo wanaobadilisha chipu ndogo kuliko punje ya mtama kwa macho na kioo cha kukuzia. Lakini muuzaji atasema fundi huyo ndiye aliyeiharibu, na hapo inakuwa neno lako dhidi ya neno lake. Kwa hiyo, kama mashine ni ya bei, ipeleke kwanza kwenye kituo cha huduma kilichoidhinishwa na kampuni, ulipe ada ya uchunguzi, uondoke na ripoti hata kama hutatengenezea hapo. Na kabla ya yeyote kuifungua, mwandikie muuzaji kwamba unampa nafasi ya kuiona. Akikataa, kukataa kwake kumeingia kwenye faili yako.

Hoja atakayoitoa muuzaji mapema kuliko zote ni stima. Na hapa Baba Dogo hoja hiyo ina miguu. Viwanda na nyumba za kupanga zimebanana, umeme hupotea na kurudi kwa kishindo, na ploti nyingi zimeunganisha vyumba kwa nyaya ambazo hakuna fundi aliyezikagua. Chaja ikipigwa na umeme uliopanda ghafla, bodi inaweza kuungua, na hiyo haihusiani na aliyekuuzia. Mwambie mchunguzi aseme wazi kwenye ripoti kama njia ya kuingilia umeme imeungua au la. Kama imeungua, mlengwa wako anabadilika kuwa Kenya Power. Sheria ya Nishati ya 2019 inampa mteja nafasi ya kudai fidia ya mali iliyoharibika kwa uzembe wa mwenye leseni ya kusambaza umeme. Andika tarehe na saa, ripoti hitilafu siku hiyo hiyo uhifadhi nambari ya malalamiko, uulize majirani kama vifaa vyao pia vimeungua, na usipotendewa haki upeleke lalamiko kwa EPRA, mdhibiti wa sekta. Lakini anayetumia stima ya sambaza, iliyovutwa kinyemela kutoka kwenye nguzo, asijisumbue kuandika barua hiyo.

Chaja nayo ichunguzwe. Chaja ya bei rahisi iliyonunuliwa barabarani inaweza kuwa ndiyo muuaji, na ukiwa umeitumia, muuzaji wa laptopu ana pa kujifichia. Bidhaa yenye alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango, huwa na nambari ya kibali ambayo unaweza kuihakiki kwa kutuma ujumbe mfupi kwa 20023.

Muuzaji akishindwa kukujibu kwa hoja ya stima, atakuelekeza kwa kampuni: "Hiyo ni mambo ya HP, si yetu." Mkataba wako ni na aliyepokea pesa zako. Kampuni ya ng'ambo haikukuuzia kitu, na ahadi ya kisheria ya ubora inambana muuzaji. Hata hivyo, usiipuuze kampuni, kwa sababu mara nyingine yenyewe hukubali kosa baada ya waranti kwisha. Juni 2018 Apple ilianzisha mpango wa kutengeneza bure kibodi za aina fulani za MacBook zilizokuwa zikikwama herufi, kwa miaka 4 tangu mashine iuzwe rejareja mara ya kwanza, na mwaka 2022 ikakubali kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi ya wateja wa Marekani kuhusu kibodi hizo hizo. Juni 2019 iliita MacBook Pro za inchi 15 zilizouzwa kati ya Septemba 2015 na Februari 2017 ili zibadilishwe betri bure, kwa kuwa zilikuwa na hatari ya kuwaka moto. HP nayo iliita betri za laptopu zake Januari 2018, na mwaka mmoja baadaye ikaongeza nyingine kwenye orodha. Mashine hizo za mwaka 2016 na 2017 ndizo zinazouzwa sasa kwa jina la ex-UK. Ingiza nambari ya mashine yako kwenye tovuti ya kampuni uone kama imewahi kuitwa.

Ukiwa hapo kwenye tovuti, angalia pia tarehe ya waranti. Kampuni nyingi huanza kuhesabu kutoka siku mashine ilipotoka ghalani kwao, hivyo laptopu iliyolala dukani miezi 8 huweza kuonekana imebakiza miezi 4 siku unayoinunua. Ukiwa na risiti, mara nyingi kampuni hukubali kurekebisha tarehe. Wako watu waliokubali kuambiwa waranti imeisha kumbe haijaisha.

Barua kwa muuzaji iwe fupi. Matusi na vitisho vya kupeleka duka kwenye mitandao uviache nyumbani. Kitu kama hiki kinatosha:

"Tarehe 3 Februari 2024 nilinunua kwenu laptopu mpya, nambari ya mashine kama ilivyo kwenye risiti niliyoambatisha, kwa shilingi 75,000. Tarehe 9 Aprili 2025 iliacha kuwaka. Uchunguzi wa kituo cha huduma, niliouambatisha, umeonyesha kasoro kwenye bodi, bila dalili za maji, kuanguka wala hitilafu ya umeme. Bidhaa haikuwa na ubora unaotakiwa na kifungu cha 16 cha Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na kifungu cha 5 cha Sheria ya Kuwalinda Watumiaji wa Bidhaa. Naomba mtengeneze bila malipo au mnilipe gharama ya ukarabati, shilingi 28,000, pamoja na ada ya uchunguzi, ndani ya siku 14. Msipofanya hivyo nitafungua dai katika Mahakama ya Madai Madogo."

Angalia kilichoombwa: gharama ya ukarabati. Hakuna mahali anapodai laptopu mpya wala pesa zote. Ukikaa na bidhaa muda mrefu bila kuikataa, sheria hukuhesabu kuwa umeipokea, na haki ya kuirudisha huondoka. Inayobaki ni fidia ya hasara. Anayedai pesa zote mwezi wa 14 humpa muuzaji sababu nyepesi ya kumcheka, ilhali anayedai gharama ya bodi, akiwa na karatasi ya bei mkononi, ni mgumu kuchekwa. Peleka barua kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri, na uitume pia kwa WhatsApp na barua pepe. Wauzaji wengi huanza kuzungumza hapo. Ukipewa nusu ya gharama mezani, fikiria sana kabla ya kukataa.

Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, CAK, hupokea malalamiko ya wanunuzi bila malipo chini ya Sheria ya Ushindani ya 2010. Kifungu cha 55 cha sheria hiyo kinakataza kudanganya kuhusu ubora wa bidhaa, kudai kwamba kitu ni kipya kumbe sicho, na kupotosha kuhusu kuwepo au athari ya waranti au haki yoyote ya mnunuzi. Muuzaji anayekuambia "waranti ikiisha huna haki yoyote kisheria" anaikaribia sana mipaka ya kifungu hicho. Naiona CAK kuwa na manufaa zaidi pale duka linapokuwa na tabia, kwa mfano linafunga upya mashine kuukuu kwenye maboksi mapya na kuziuza kama mpya, na walalamikaji ni wengi. Ukitaka shilingi 28,000 zako zirudi mfukoni, njia ya moja kwa moja ni mahakama.

Mahakama ya Madai Madogo haifanani na mahakama tuliyozoea kuiogopa. Iliundwa kwa sheria ya 2016, ya kwanza ikafunguliwa Milimani Aprili 2021, na husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, yakiwemo ya mikataba ya kuuziana bidhaa na huduma. Sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Hulazimiki kuwa na wakili, na mwamuzi habanwi na kanuni zote kali za ushahidi, hivyo picha ya skrini ya WhatsApp na ujumbe wa M-Pesa vitasikilizwa. Rufaa huruhusiwa kwa hoja za kisheria tu, jambo linalomzuia mwenye duka kukuburuta miaka. Kufungua dai kunafanyika kupitia mfumo wa mtandaoni wa Idara ya Mahakama. Asiye na kompyuta, na huenda ndiyo iliyokufa, aende saiba au aombe msaada kwenye masjala.

Kinachowaangusha wengi pale ni jina. Huwezi kushtaki "duka la ghorofa ya pili mkono wa kulia". Unahitaji jina la kampuni au la mtu aliyesajili biashara, na ndipo lile jina la kwenye till linapookoa. Utafutaji rasmi wa jina la biashara hufanywa kupitia eCitizen kwa ada. Stoli za mjini huhama usiku. Anayenunua kwenye stoli isiyo na jina, bila risiti, kwa pesa taslimu, amenunua na hatari yake.

Nao wanaonunua kwa mtu binafsi, kupitia tangazo la mtandaoni au kwa rafiki wa rafiki, wajue kwamba ulinzi wa kifungu cha 16 unamhusu anayefanya biashara ya bidhaa hizo. Jirani anayeuza laptopu yake aliyoitumia chuoni hakuahidi ubora wowote usipomuuliza na akakujibu. Na bei ikiwa tamu kupita kiasi, uliza risiti ya kwanza. Kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, na polisi wakiifuata mashine hadi mlangoni kwako, habari ya waranti haitakusaidia kitu.

Kuna jambo lingine linalowakuta wanunuzi wa ex-UK siku hizi. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa nyingi zilizotangulia kizazi cha nane cha Intel. Mashine nyingi zilizotupwa na ofisi za Uingereza ni za kizazi cha sita na cha saba. Zinawaka na zinafanya kazi, ila haziko salama kama zamani. Muuzaji aliyekuhakikishia kwa maandishi kwamba utapata masasisho yote ameongopa, na una dai. Kama hukuuliza, huna. Uliza ni kizazi gani kabla ya kuuliza bei.

Ikiwa baada ya yote haya unaona kesi haipo, au haistahili nauli ya kwenda na kurudi Milimani, basi ndiyo zamu ya fundi wa mtaani, naye pia ni muuzaji wa huduma mwenye wajibu. Sheria ya 2012 ina sehemu nzima kuhusu ukarabati wa magari na bidhaa nyingine, na moyo wake ni kwamba makadirio ya bei hutangulia kazi na mteja hukubali kwanza. Umzoeze fundi wako utaratibu huo. Akisema ni elfu nne, aandike elfu nne na kile kitakachofanyika. Dai vipuri vilivyotolewa, hata kama ni takataka, kwa sababu ndivyo vinavyothibitisha kwamba kipya kimeingia. Kabla ya kuondoka, andikeni pamoja ukubwa wa RAM na nambari ya SSD, kwani mashine iliyoingia na RAM ya GB 16 imewahi kutoka na 8. Nywila usiiandike kwenye kibandiko juu ya kifuniko. Toa diski ukiweza, au funga akaunti zako, maana picha za watoto na vitambulisho havina kazi mezani pa mtu.

Na kama amekuwekea tangazo kwamba mali isiyochukuliwa baada ya siku 30 itauzwa, tangazo peke yake halimpi ruhusa hiyo. Ipo Sheria ya Uuzaji wa Mali Isiyochukuliwa, Sura ya 38, nayo inataka mwenye mali apewe taarifa kwanza. Lakini nenda kaichukue mapema. Kibanda kina nafasi ndogo, na kumbukumbu ya fundi ina laptopu arobaini zinazofanana.

Mashine isiyopona, iuze kama vipuri: kioo, kibodi na bawaba bado vina bei, na mafundi watavipigania. Betri iliyovimba usiichaji tena, usiitoboe, wala usiitupe kwenye takataka zinazoishia Dandora, ambako vijana hupekua kwa mikono mitupu. Nairobi ina WEEE Centre inayopokea taka za kielektroniki, na baadhi ya mafundi hukusanya betri mbovu za kupeleka huko. Muulize wako kama ni mmoja wao.